Siku ya Sufuri, Mwezi wa Sufuri

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye kituo cha kununulia majani chai kabla ya karani mwenyewe. Kituo kilikuwa kibanda cha mbao na mabati upande wa Konoin, mwendo mfupi kutoka Mogogosiek, na mizani ilining'inia katikati kwenye boriti. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilivaa sketi ya shule niliyoifumua beji, na viatu vya marehemu mama vilivyonizidi kidogo. Nyumbani nilikuwa nimeacha ndugu wanne, wa mwisho akiwa bado hajaanza shule, na mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kidato cha pili bila kumaliza muhula.

Karani Mkuu alikuja na koti la mvua na buti. Alinipa kalamu na daftari lenye safu nne: jina, namba ya mkulima, kilo, na maelezo.

"Wewe msichana wa Kisii, unajua kuandika?"

"Ndiyo, mzee."

"Kuandika kila mtu anajua. Unajua kuandika mahali pake?"

Sikumwelewa mpaka saa nne, mama mmoja alipoleta kikapu cha majani yaliyolowa. Mizani ilicheza huku na huku, nami kwa haraka nikaandika chini ya kilo: "majani yamelowa, ishirini na kitu." Karani Mkuu alilichukua daftari, akalisoma kwa sauti mbele ya foleni nzima.

"Ishirini na kitu ni ngapi?"

"Sijui, mzee. Mizani ilikuwa inacheza."

"Basi ngoja ikome kucheza. Hapa kwa kilo hakuna hadithi. Hapa ni namba. Hadithi iko pale mwisho, kwa maelezo. Kiwandani watajumlisha hadithi?"

"Waijumlishe na ya bwana yangu," akasema mama mmoja kwenye foleni. "Hiyo ni nzito kushinda majani." Wakacheka wote, na mimi nikainamisha kichwa nikafuta.

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza juu ya jambo ambalo miaka mingi baadaye niliambiwa linaitwa aina ya data. Nimelifanyia kazi maisha yangu yote. Mwaka huu nimestaafu, na vijana waliorithi dawati langu wameniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukifanya. Nitaandika. Lakini nisiwafiche: ninaandika hasa kwa sababu ya macho ya mama mmoja, ambayo kazi yangu nzuri iliyazima.

Mama huyo ni Kogo Taprandich. Kogo kwa Kikipsigis ni nyanya. Wakati huo hakuwa mzee, ila alikuwa tayari na mjukuu mmoja, nasi tukamfuata mtoto huyo tukamwita hivyo hivyo. Wazazi wetu walikuja kutoka Kisii kuchuma chai, na walipofariki, mmoja baada ya mwingine katika mwaka mmoja, ilitubidi tutoke kwenye nyumba ya wafanyakazi. Tulikuwa tumekaa juu ya magodoro yetu kando ya barabara Kogo alipopita na ng'ombe wake. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mmekula?" Kisha akatupeleka kwake, akatupa jiko lake la zamani tulale humo. Tulilala humo miaka sita. Kila asubuhi aliacha kibuyu cha maziwa mlangoni. Mimi naitwa Kemunto, yeye akaniita Chepkemunto, akisema jina la msichana bila Chep ni kama chai bila maziwa.

Kwenye mizani nilikaa miaka saba. Baada ya hapo nikapata kazi katika hospitali ya kanisa, idara ya kumbukumbu za wagonjwa, na kituo changu cha kwanza kikawa zahanati yao ya Mulot, kwenye barabara ya kwenda Narok. Pale watu walifika na vumbi la ng'ombe miguuni, na wengi hawakujua umri wao. Nilijifunza kuuliza. Ulitahiriwa na kina nani? Nzige walipokuja ulikuwa unachunga mbuzi au ulikuwa mgongoni? Kisha kwenye kadi, penye umri, niliandika "karibu sabini", na penye tarehe ya kuzaliwa nilipiga mstari. Daktari alisoma, akatibu. Karatasi ina ukingo, na kwenye ukingo mtu anaweza kuandika chochote ambacho safu haikukitarajia. Sikujua thamani ya ukingo ule hadi nilipokuwa nimeuondoa kwa mikono yangu.

Nilihamishiwa hospitali kuu kompyuta zilipoingia. Mkubwa wangu hapo alikuwa Afisa wa Kumbukumbu, mtu wa Chepseon, mwembamba, aliyepiga pasi hata leso. Alinipa marobota ya kadi niziingize kwenye mashine. Hapo ndipo nilipoona uchafu wa kazi yetu. Penye uzito mtu ameandika "mnene". Penye joto la mwili pameandikwa "anachemka". Penye idadi ya watoto: "Mungu amenibariki." Ilibidi nimtafute kila mwenye kadi, au nimwulize nesi aliyeandika.

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa la namba za simu. Niliziweka katika aina ya namba, kwa kuwa niliona ni tarakimu tupu. Kompyuta ikameza sufuri ya mbele ya kila simu, kwa sababu kwake sufuri ya mbele haina maana. Manesi wakapiga simu zisizokuwepo wiki nzima. Afisa wa Kumbukumbu hakunikaripia. Alivuta kiti.

"Madam, utawahi kujumlisha simu ya mtu na simu ya jirani yake?"

"Hapana, bwana."

"Basi si namba. Ni maandishi yaliyovaa nguo za namba. Kabla hujachagua aina, jiulize kitu hiki kitatumika kufanya nini."

Nililiandika swali hilo nyuma ya daftari langu na kulitumia kila siku. Namba ya kitambulisho, maandishi. Namba ya kadi, maandishi. Uzito, namba yenye desimali. Watoto, namba kamili, kwa kuwa hakuna nusu ya mtoto. Je, una mzio wa dawa? Ndiyo au hapana. Na tarehe, ambayo ni aina ya peke yake, kwa sababu kalenda ina sheria zake: mwezi hauzidi kumi na mbili, na Februari ni ya kuangaliwa kwa makini.

Kisha fomu za mtandaoni zikaja. Makao makuu yalimtuma Mkufunzi, mama wa Nairobi aliyevaa viatu vya mpira na kunywa chai bila sukari, na kwa majuma mawili alitufundisha. Tulikuwa sita, watano wana diploma. Mkufunzi alisema jambo ambalo wengi hawalijui hata leo: kila kitu ambacho mtu anaandika kwenye fomu hufika kwenye seva, kompyuta kuu inayopokea fomu, kama maandishi matupu. Akiandika 45, seva haipokei arobaini na tano. Inapokea alama ya nne na alama ya tano. Ni juu yetu kuyauliza maandishi hayo kama yanaweza kugeuzwa kuwa namba au kuwa tarehe, na yakishindwa, kuyarudisha kwa mwenyewe. Na ukaguzi huo ufanywe mara mbili. Mara ya kwanza ni kwenye kivinjari, pale kwenye simu ya mtu, ili aone kosa lake upesi. Mara ya pili ni kwenye seva, kwa sababu ukaguzi wa kivinjari unaweza kurukwa na mtu yeyote mwenye ujanja kidogo.

Mwisho wa majuma mawili Mkufunzi aliniita kando. "Wewe mama, ulisoma wapi?"

"Niliishia kidato cha pili."

"Basi hawa wengine waje kwako wakikwama."

Na kweli walikuja. Sijui kama mtu aliyemaliza shule anaweza kuelewa utamu wa jambo hilo. Niliwasomesha ndugu zangu wote wanne, mmoja ni mwalimu, mmoja ni fundi wa magari, wawili wako kilimo, na kila walipovaa kofia ya mahafali au kupokea cheti nilipiga makofi kwa furaha halisi. Lakini mimi sikuwahi kuitwa kwa jina mbele ya watu mpaka siku ile. Tangu hapo nilitaka fomu zangu zisipatikane na kosa hata moja. Fomu yangu ya kwanza ilikuwa na kosa, na lilionekana siku hiyo hiyo: niliamuru jina liwe herufi tupu, nayo ikamkataa Afisa wa Kumbukumbu mwenyewe, kwa kuwa yeye ni Lang'at, na ile alama ya katikati si herufi. Nililirekebisha kabla ya chai ya saa nne. Ninataja jambo hili kwa sababu moja. Kosa lililomgusa mkubwa lilingoja saa moja na nusu.

Sasa nifike kwenye fomu ya macho.

Madaktari bingwa wa macho walikuwa wanakuja hospitali yetu kwa juma moja, kuwatoa watu mtoto wa jicho, ule ukungu unaofunika mboni. Sista wa Macho, nesi wetu aliyezunguka masoko yote na kurunzi yake, alikuwa amewapima wazee kutoka Chepseon hadi Mulot na kuwaambia wajiandikishe mtandaoni kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Wengi wangesaidiwa na watoto wao au na mwenye duka la kompyuta sokoni. Fomu niliitengeneza mimi. Penye tarehe ya kuzaliwa niliweka aina ya tarehe, ya lazima. Na kwa kuwa mwaka uliotangulia watu walidanganya umri ili wawe mbele, niliongeza juu ya fomu mstari mwekundu: "Andika kama ilivyo kwenye kitambulisho chako. Habari za uongo zitafuta ombi lako."

Mnaotoka pande hizi mmekwisha kuona shida ilipo. Wazee wetu wengi walipoandikishwa vitambulisho hawakujua siku waliyozaliwa wala mwezi. Karani wa wakati huo aliandika sufuri mbili, nukta, sufuri mbili, nukta, halafu mwaka wa kukisia. Vitambulisho hivyo viko mifukoni mwa wazee hadi leo. Ukiyapeleka maandishi hayo kwenye aina ya tarehe, kompyuta inaitafuta siku ya sufuri ya mwezi wa sufuri, haiioni, na inarudisha neno moja: "Tarehe si sahihi."

Nilikuwa na daftari la makosa, faili ambamo seva iliandika kila kilichokataliwa. Ili lisijae, nililiamuru lihifadhi kisanduku kilichokosewa na maandishi yaliyokuwemo tu. Jina la mtu nililitupa. Jumatatu asubuhi nilikuta mistari ya sufuri. Jumanne ikaongezeka. Wakati wa chai nikamwambia Afisa wa Kumbukumbu, "Bwana, leo tena tumepata wagonjwa waliozaliwa mwezi wa sufuri."

"Huo mwezi uko kabla ya Januari ama baada ya Desemba?"

"Uko katikati ya kuvuna mahindi na kusahau."

Alicheka hadi chai ikamwagikia leso yake ya pasi. Nilijiona hodari.

Jumatano Sista wa Macho aliingia bila kubisha. "Kemunto, fomu yako inarudisha wazee wangu."

"Fomu hairudishi mtu, Sista. Inarudisha tarehe mbaya."

"Tarehe ndiyo hiyo kwa kitambulisho."

"Basi kitambulisho kimekosea. Hakuna siku ya sufuri."

"Kwa hivyo serikali imekosea, wewe ndio uko sawa."

"Waandike tarehe moja mwezi wa kwanza. Kila mtu hufanya hivyo."

"Na hayo maneno yako mekundu? Unawaambia wakidanganya utawafuta, halafu unawaambia wadanganye." Aliegemea dawati langu kwa mikono yote miwili. "Nimewapima mwenyewe, mama. Kuna wengine jicho limeiva, haliwezi kungoja mwaka mwingine. Nusu saa tu, fungua hiyo kitu."

Haingechukua hata nusu saa. Ilikuwa mistari tisa; najua kwa sababu baadaye niliihesabu. Lakini mwezi uliopita makao makuu yalikuwa yametuandikia barua kwamba rekodi zetu ndizo safi kuliko za vituo vyote, na barua hiyo niliibandika ukutani mwenyewe, mbele ya macho yangu. Niliona nikilegeza tarehe, kesho watakuja na uzito, keshokutwa tutarudi kwenye "mnene" na "anachemka". Nikasikia sauti ya Karani Mkuu: hapa hakuna hadithi.

"Orodha ikifungwa, nitaangalia," nikasema.

"Ikifungwa?"

"Siwezi kubadilisha fomu ikiwa hewani, Sista. Ni kanuni."

Hakukuwa na kanuni kama hiyo. Sista alinitazama, akachukua kurunzi yake, akaenda. Siku mbili alikaa kwenye simu akiwatafuta wazee aliowakumbuka, na aliwapata wachache, akawaombea nafasi kwa mdomo. Kogo hakuwa na simu.

Ijumaa saa sita orodha ilifungwa. Madaktari walikuja, wakafanya kazi yao, wakaondoka. Watu walitoka wodini wakihesabu majani ya miti. Nami niliandika ripoti: rekodi zote zimekubalika, makosa hakuna.

Ilikuwa majuma sita baadaye, Jumapili baada ya ibada, nilipokwenda kwa Kogo. Nilizoea kumwona kila mwezi, ila mara hiyo kazi ilikuwa imenibana. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, kitambaa kimefungwa kichwani, uso ameuelekeza upande wa jua.

"Chamgei, Kogo."

"Chamgei mising." Alinyoosha mkono hewani, hakuupata wangu, nikaushika mimi. "Eeh, Chepkemunto. Leo umekuja na viatu vya kelele."

Mkaza mwana wake, Rael, alikuwa anachambua mboga mlangoni. Nikamwuliza ni nini. Akasema kichwa kimemwuma mwezi mzima, jicho la kushoto linauma kama limetiwa pilipili, na la kulia walilizoea, lilikuwa limekufa zamani.

"Kwani hakupimwa na Sista? Kwani hamkujiandikisha?"

Rael aliacha mboga. "Tulienda Mogogosiek kwa kompyuta, dada. Mara tatu. Tulijaza yote, ikasema tarehe si sahihi. Yule wa kompyuta akasema tuweke Januari moja, iishe. Kogo akakataa."

"Nikakatalia kabisa," Kogo akasema. "Imeandikwa pale, usidanganye. Mimi nimebatizwa. Nitadanganya hospitali ya kanisa, halafu niende nilale kwa kitanda yao wanikate jicho?"

Alitoa kitambulisho kutoka kwenye kitambaa alichofunga kiunoni na kunipa, kana kwamba nilikuwa nimekiomba. Sufuri mbili, nukta, sufuri mbili, nukta, mwaka. Nilikuwa nimeisoma tarehe hiyo. Nilikuwa nimeisoma kwenye daftari langu, mara tatu, mstari chini ya mstari, na nikaifanyia mzaha juu ya chai.

"Kogo, kwa nini hukunitumia neno? Ile fomu ni mimi niliyeitengeneza."

"Najua ni wewe. Rael aliniambia, hii ni kazi ya Chepkemunto." Alitikisa kichwa taratibu. "Ndiyo maana nikarudi nyumbani. Nikasema, kama ni mwingine amekataa mimi, ningegombana na yeye. Lakini kama ni Chepkemunto amekataa, basi iko sababu."

Rael aliendelea na mboga. Mimi nilibaki nimeshika kitambulisho.

Kesho yake nilimpeleka hospitali kubwa ya macho, mimi na Rael tukimshika kila mmoja mkono. Daktari alimtazama kwa muda mrefu, akazima taa yake, akaniita mlangoni. Alieleza kwamba mtoto wa jicho akiachwa akaiva kupita kiasi anavimba, presha ndani ya jicho inapanda, na presha hiyo inaua mshipa unaopeleka mwanga kwenye ubongo. Ukungu angeweza kuutoa hata siku hiyo. Mshipa hawezi kuufufua.

"Mama yako mngemleta mwezi mmoja nyuma," akasema.

Sikumwambia kwamba alikuwa ameletwa. Wala sikumwambia kwamba si mama yangu.

Niliporudi kazini nilifungua fomu. Nilikivunja kisanduku cha tarehe kuwa visanduku vitatu: siku, mwezi na mwaka, vyote namba kamili, mwaka pekee ukiwa wa lazima. Siku na mwezi vikiachwa tupu, au vikijazwa sufuri, seva iandike kwamba havijulikani na imruhusu mtu apite. Chini ya kila fomu niliongeza kisanduku cha maelezo, aina ya maandishi, bila sharti lolote. Huo ndio ukingo wa karatasi, niliourudisha. Na kwenye daftari la makosa niliongeza simu ya mtu, ili kila aliyerudishwa mara mbili tumpigie sisi. Ilichukua dakika ishirini na tano. Nilipomaliza nilikwenda kwa Sista wa Macho nikamwambia yote. Alinisikiliza amesimama, akasema, "Kaa chini, Kemunto," na hakuniambia neno la kunisamehe wala la kunilaumu. Alinimiminia chai, tukanywa.

Afisa wa Kumbukumbu alisoma taarifa niliyoandika, ambamo nilijitaja kwa jina. Alitaka tuandike "hitilafu ya mfumo".

"Mfumo haukukosea, bwana," nikamwambia. "Ulifanya nilichouamuru."

Aliondoa miwani. "Na mimi nilicheka," akasema. Akaitia sahihi kama ilivyokuwa.

Wazee wengine wa sufuri tuliwatafuta soko kwa soko, na madaktari waliporudi mwaka uliofuata wengi wao walitibiwa. Wapo waliokuwa wamefariki. Wapo ambao hatukuwapata kamwe, kwa sababu majina yao niliyatupa ili faili lisijae.

Nilifanya kazi miaka mingine minne. Katika sherehe ya kuniaga walisoma ile barua ya makao makuu juu ya rekodi safi, na watu wakapiga makofi. Niliwaomba wanipe barua hiyo, wakadhani naipenda. Imo kwenye sanduku pamoja na daftari langu la kwanza la mizani, lenye mahali nilipofuta.

Karani Mkuu alinifundisha vizuri, na sisemi aliniongopea. Kilo ni kilo, na dawa inayopimwa kwa uzito wa "mnene" inaweza kuua mtu. Kagueni aina ya kila kitu, tena mara mbili, kama nilivyofundishwa. Lakini yeye alipokataa hadithi yangu chini ya kilo, alinionyesha safu ya maelezo. Alikuwa na mahali pa kuiweka. Mimi nilichukua nusu ya somo lake nikaifanya kazi ya maisha. Sufuri zile hazikuwa namba. Karani wa vitambulisho, ambaye naye alilazimishwa na safu yake kuandika tarakimu, alikuwa anaandika neno "hatujui" kwa njia pekee aliyoachiwa. Nilikaa Mulot miaka nikiwauliza wazee habari za nzige. Kama kulikuwa na mtu mmoja katika idara nzima aliyepaswa kulisoma neno hilo, ni mimi.

Kogo yu hai. Nimejenga chumba karibu na boma lake, hatua chache kutoka pale lilipokuwa jiko la zamani. Siku ile nilipomaliza kuitengeneza fomu, jina la kwanza nililojaribia lilikuwa lake, na alama ya kijani ikatokea. Nilipokwenda nikamwambia: sasa imekubali, Kogo, umepokelewa.

"Haya," akasema. "Iambie asante."

Asubuhi ninamkamulia ng'ombe, naye anangoja ndani. Nikifika mlangoni na maziwa anageuza kichwa.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Kogo."

"Ingia," anasema, na haulizi kitu kingine.